Si kila tumbo linalosumbua ni taifodi

Kuna jambo ambalo sisi wa mpakani tunalijua lakini hatulisemi. Basi likisimama Kobero, kabla ya mtu kutafuta foleni ya uhamiaji, kabla hata ya kuuliza bei ya kubadili fedha, wapo wanaouliza kwanza choo kiko wapi. Wengine wameshika tumbo tangu walipopanda gari. Wengine hawajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, si kwa kukosa chakula, bali kwa kuogopa kwamba wakila, dereva hatakubali kusimama njiani.

Dada mmoja ninayemfahamu alikuwa akivuka hapo kila mwezi kwenda Kahama kununua vitenge na viatu. Baadaye akaacha kwenda mwenyewe. Akawa anamtuma mtu, anamlipa, na mzigo unaoletwa mara nyingi si ule ambao angeuchagua kwa macho yake. Faida ikapungua. Nilipomuuliza sababu alisita, kisha akafungua mkoba wake na kunitolea karatasi za maabara, rundo zima. Kwa miaka mitatu alikuwa ameambiwa ana taifodi mara sita na amiba mara nne. Kila mara alinunua dawa, kila mara alipata nafuu ya siku chache, na kila mara tumbo lilirudi vile vile. "Hii taifodi yangu imekuwa sugu, kaka," aliniambia.

Sikuamini kwamba ilikuwa taifodi. Na ninaandika makala haya kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa na rundo la karatasi kama lile.

Nilirejea nchini mwishoni mwa mwaka 2012, pale kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ilipofungwa. Miezi michache baadaye niliharisha vibaya kwa wiki nzima. Kuharisha kuliisha, lakini tumbo halikurudi kuwa lile nililolizoea. Lilikuwa likininyonga asubuhi, nakimbilia chooni, nakaa sawa kidogo, nikila mchana linaanza tena. Wiki nyingine choo kinafunga kabisa, tumbo linajaa kama ngoma. Katika maabara moja nilipimwa mara nne na mara zote nne nikaambiwa taifodi. Nilikunywa vidonge hadi ladha ya chuma ikaganda mdomoni.

Aliyenisaidia alikuwa daktari mmoja mzee ambaye, kabla ya kuandika kipimo chochote, aliniuliza maswali kwa karibu nusu saa. Tumbo lilianza lini? Huuma kabla ya kwenda haja au baadaye? Je, hukuamsha usiku? Umepungua uzito? Umeona damu? Una homa? Kisha akanipima tumbo kwa mikono, akaagiza vipimo vichache vya damu na choo, na majibu yaliporudi akaandika neno moja: kolopati. Nilikasirika. Nilidhani ananiambia kwamba sina ugonjwa, kwamba najifanya. Ilichukua muda kuelewa kwamba lile neno lilikuwa jibu la kwanza la kweli kupewa tangu nirudi.

Ndugu msomaji, mimi si daktari. Lakini niliyojifunza tangu siku ile nadhani yanafaa kusemwa hadharani, kwa sababu wenzetu wengi wanateseka kimya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi tuzungumze habari za choo bila haya.

Ugonjwa huu wenye kusoma Kifaransa huuita kolopati au koloni yenye kukereka, na wenye kusoma Kiingereza hutumia kifupi cha IBS. Maana yake ni utumbo unaokereka upesi. Utumbo una misuli inayosukuma chakula na una mishipa ya fahamu inayopashana habari na ubongo usiku na mchana. Kwa mwenye ugonjwa huu, misuli husukuma kwa kasi mno au taratibu mno, na mishipa ya fahamu huhisi maumivu pale ambapo kwa mtu mwingine pangekuwa na gesi ya kawaida tu. Daktari akiingiza kamera ndani haoni kidonda wala uvimbe. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kubuni. Ina maana kwamba tatizo liko katika utendaji wa utumbo na si katika umbo lake. Ugonjwa huu haugeuki kuwa saratani na haupunguzi miaka ya kuishi. Unachokula ni siku zako: safari, kazi, usingizi na amani.

Wala si ugonjwa wa watu wachache wa Ulaya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, waliojibu maswali kwa intaneti walionekana kuwa nao kiasi cha 4 katika kila 100, kwa kutumia vigezo vikali. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Sasa unautambuaje? Wataalamu wamekubaliana vigezo vinavyoitwa vya Roma, na vinavyotumika vilitolewa mwaka 2016. Kwa lugha rahisi ni hivi. Awe mtu mwenye maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Kisha maumivu hayo yaambatane na angalau mawili kati ya mambo matatu: yanahusiana na kwenda haja kubwa, yaani hupungua au huzidi unapokwenda, idadi ya kwenda haja imebadilika, au sura ya choo imebadilika.

Hiyo sura ya choo nayo ina kipimo chake, kilichotungwa na madaktari wa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997. Kina namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vigololi vigumu kama mavi ya mbuzi, namba 4 ni choo laini kilichoshikana, na namba 7 ni maji matupu. Mwenye kolopati huenda akakaa upande wa 1 na 2, ndiye anayefunga choo. Huenda akakaa upande wa 6 na 7, ndiye anayeharisha. Wengine hupanda na kushuka ngazi hiyo wiki kwa wiki, kama nilivyokuwa mimi.

Ongeza hapo dalili nyingine zinazofuatana nazo: tumbo kujaa gesi hadi nguo kubana ifikapo jioni, kuhisi hujamaliza hata baada ya kutoka chooni, haja inayokuja ghafla kiasi cha kukosa subira, na ute mweupe katika choo. Wengi huona tumbo likichafuka mara tu baada ya kula, au wakiwa na wasiwasi, na baadhi ya akina mama siku za hedhi. Ukiona mpangilio huu ukijirudia kwa miezi, bila homa na bila kukonda, una haki ya kumuuliza daktari kama si kolopati.

Kwa nini jambo hili liwahusu hasa waliorejea na wanaozunguka mipakani? Sababu moja ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza baada ya maambukizi ya tumbo. Mfano unaojulikana sana duniani ni wa mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada. Mwezi Mei 2000 maji ya bomba ya mji huo yalichafuliwa na vijidudu vilivyotoka katika kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 walifariki. Madaktari waliwafuatilia waliobaki kwa miaka, na wakakuta kwamba miongoni mwa wale walioharisha na kuthibitishwa kuwa waliugua, zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za kolopati muda mrefu baada ya vijidudu kutoweka, ilhali kwa wasiougua ilikuwa kiasi cha mmoja katika kumi. Kwa jumla, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba katika kila watu 10 wanaopatwa na maambukizi makali ya tumbo, mmoja hivi hubaki na tatizo hili.

Ikiwa hivyo ndivyo kwa mji mmoja uliochafukiwa na maji mara moja, nasi tuliokunywa maji ya visima vya kambi, ya mito na ya madumu ya njiani tumeharisha mara ngapi? Ongeza hofu ya kukimbia, msiba, nyumba kukutwa na mtu mwingine ndani, mtaji wa kuanzia sifuri. Inajulikana kwamba waliopitia vitisho na huzuni kubwa hupatwa na ugonjwa huu zaidi kuliko wengine, kwa kuwa ubongo na utumbo ni majirani wanaosikizana. Kusema hivyo si kumwita mtu mwendawazimu. Moyo ukienda mbio kwa hofu, hakuna anayesema moyo unaigiza.

Turudi kwenye taifodi. Kipimo ambacho wengi wetu tunafanyiwa, cha tone la damu na majibu ya haraka, kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani, au imetokana na vijidudu vingine vinavyofanana. Katika nchi ambazo taifodi ipo siku zote, kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kusema kwamba mtu ana taifodi leo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu katika maabara. Taifodi yenyewe ni ugonjwa wa homa inayopanda na kukaa kwa siku nyingi, kichwa kuuma na mwili kulegea. Haiji na kuondoka kwa miaka mitatu bila homa, ikimwacha mtu na afya ya kubeba marobota.

Amiba nayo ni hivyo hivyo. Watu wengi wana kiumbe hicho tumboni bila kuwadhuru, na wako ndugu zake wasio na madhara ambao kwa hadubini wanafanana naye kabisa. Karatasi ikisema "amiba imeonekana" haijasema kwamba ndiyo inayokuuma.

Lakini ukishapewa karatasi hiyo, safari yako ni duka la dawa: sipro, Flagyl, na baadaye sindano. Fedha zinakwisha. Vijidudu vizuri vya tumboni, vinavyosaidia kusaga chakula, vinauawa pamoja na vibaya, na tumbo linazidi kuvurugika. Baya zaidi, vijidudu vya kweli vya taifodi vinazoea dawa. Siku mtoto wako atakapopata taifodi yenyewe, vidonge ulivyovitafuna bure vinaweza kukosa nguvu. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mtu mmoja na tumbo lake.

Najua nitaulizwa: je, huoni hatari ya kuwaambia watu kwamba si taifodi, wakapuuza ugonjwa wa kweli? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo sehemu muhimu kuliko zote katika makala haya. Kolopati ina mipaka. Zifuatazo si dalili zake, na mwenye kuziona aende hospitali bila kungoja: damu katika choo, au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa, kuamshwa usingizini na kuharisha, kupungukiwa damu, uvimbe unaoshikika tumboni, kutapika kusikokoma, au shida ya kumeza. Vile vile mtu ambaye tumbo lake limeanza kubadilika akiwa na umri wa miaka 50 au zaidi, au ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani ya utumbo, asikubali kuambiwa kolopati kabla ya kuchunguzwa. Mama wa umri huo ambaye tumbo linajaa kila siku na halishuki achunguzwe pia mji wa mayai, kwa kuwa saratani ya huko hujificha kwa dalili kama hizi. Na yeyote anayeharisha kwa mwezi mzima huku akikonda apimwe virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na vimelea. Kuharisha maji mengi ghafla, kama maji ya mchele, kunaweza kuwa kipindupindu, na hapo kila saa ina thamani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo sisemi watu wasipime. Nasema wapimwe kwa akili: choo, wingi wa damu, na vingine ambavyo daktari ataviona vinafaa baada ya kusikiliza. Vikirudi safi, na dalili zikilingana na zile nilizozitaja, basi kupima taifodi tena mwezi ujao ni kumtajirisha mwenye maabara.

Ukishaambiwa ni kolopati, ufanye nini? Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika ulichokula, saa uliyokula, tumbo lilivyokuwa na choo ni cha namba gani. Utashangaa. Mimi niligundua vitunguu vibichi na soda. Wengine ni maziwa, kwa maana watu wazima wengi hawawezi kusaga sukari ya maziwa. Wengine ni maharage, na hapo ndipo kwetu pana mtihani, kwani maharage ndiyo mboga yetu. Usiyaache kwa haraka. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yapike kwa maji mapya, na ule kiasi. Gesi hupungua. Watafiti wa Melbourne, Australia, ndio walioonyesha tangu mwaka 2005 kwamba sukari za aina fulani zilizomo katika vitunguu, maharage, ngano, maziwa na baadhi ya matunda huchachuka katika utumbo na kuukera. Lakini kupunguza vyakula hivyo vyote kwa pamoja kunahitaji mtaalamu wa lishe, na ni kwa muda tu, mtu asije akajikondesha mwenyewe.

Jambo jingine linawahusu wasafiri moja kwa moja. Kushinda na njaa safarini kisha kula mlima wa chakula usiku ni kuuchokoza utumbo. Kula kidogo kidogo, kwa saa zinazojulikana, na unywe maji salama. Punguza kahawa, pombe na vya kukaangwa. Anayefunga choo asikimbilie pumba za ngano, maana zinaweza kuzidisha gesi. Uji wa shayiri ni mpole zaidi.

Dawa zipo. Zipo za kulegeza misuli ya tumbo, zipo za kupunguza kasi ya kuharisha ambazo mtu anaweza kubeba kwa ajili ya safari, ila asizitumie akiwa na homa au damu. Ipo pia dawa ya zamani, amitriptilini, ambayo kwa kipimo kikubwa hutibu sonona. Katika jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 463 na kuchapishwa mwaka 2023, kipimo chake kidogo kiliwasaidia wenye kolopati kuliko vidonge visivyo na dawa. Daktari akikuandikia usiseme amekuita kichaa. Anatuliza mishipa ya tumbo. Lakini hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua kwa kuelekezwa na abiria mwenzako. Na zile chupa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa stendi, ambazo hakuna ajuaye kilichomo, ziacheni huko huko.

Yamebaki mawili ya kuwaambia wakubwa. La kwanza ni kwa waganga wetu wa zahanati za mpakani na za maeneo ya waliorejea. Tunajua foleni ni ndefu na ninyi ni wachache. Hata hivyo maswali matano huchukua dakika tatu, na dakika tatu hizo zinaweza kumwokoa mtu na miaka mitatu ya vidonge. Mwambieni mgonjwa jina la ugonjwa wake na mwambieni kwamba mnamwamini.

La pili ni vyoo. Mfanyabiashara hulipa ushuru pale mpakani; si dhambi kudai choo chenye maji, mlango unaofunga na taa usiku. Wenye mabasi nao wajue kwamba abiria anayeomba kusimama si mkorofi. Kwa mwenye tumbo la namna hii, kujua tu kwamba choo kipo mbele kunapunguza nusu ya maumivu. Anayetaka ushahidi anaweza kuniuliza.

Yule dada nilimsindikiza hospitali. Alichunguzwa sawasawa, na mwisho akaandikiwa lile lile neno lililonikasirisha mimi. Yeye hakukasirika. Alilia kidogo, kisha akauliza daftari linauzwa wapi. Tangu hapo amekwenda Kahama mara mbili mwenyewe. Mara ya pili tumbo lilimsumbua njiani, hakunificha. Ila alikuwa amekula asubuhi, alijua kinachomsumbua ni nini, na vitenge alivichagua kwa macho yake.